Wanaoshinda rufaa hawatolewi kwa ujanja wa mawakili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mawakili wa utetezi wa jiji hili wanaishi kwa kuwarudisha majambazi mitaani, na kwamba Mahakama ya Rufani imekuwa mlango wa nyuma wa gereza la Ukonga. Uchungu wake naufahamu. Alivamiwa, akapigwa nondo, na mtu aliyefungwa kwa kosa hilo akatoka baada ya miaka. Lakini alivyoeleza namna mtu anavyotoka sivyo ilivyo, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Nilikuwa karani na mpiga chapa wa wakili mmoja hapa Dar es Salaam, ofisi yetu ikiwa ghorofani karibu na Mtaa wa Samora, tangu miaka ya themanini tulipokuwa tukitumia taipureta na karatasi za kaboni hadi alipofunga ofisi kwa uzee. Ameshatangulia mbele ya haki. Jina lake silitaji, maana sijaomba ruhusa kwa familia yake, na yeye mwenyewe hakupenda kuandikwa magazetini. Hapa nitamwita Mzee, kama tulivyomwita ofisini.

Mzee alianza kazi Serikalini, upande wa mashtaka, ndipo akajitegemea. Mashauri ya ardhi na mirathi ndiyo yaliyotulipia pango. Moyo wake ulikuwa kwenye rufaa za jinai, na nyingi ya hizo alizifanya kwa watu ambao hawakuwa na cha kumlipa.

Barua za wafungwa zilitufikia kwa njia mbili. Ama mama au dada wa mfungwa alikuja nayo ndani ya mfuko wa nailoni, amepanda daladala mbili tangu alfajiri, ama ilikuja kwa posta ikiwa na muhuri wa Mkuu wa Gereza, imeandikwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi ya daftari. Mara nyingi sababu za rufaa zilikuwa zimeshaandikwa. Kule ndani wapo wafungwa waliojifunza sheria kwa taabu na wanawasaidia wenzao bila malipo. Mwenyezi Mungu awalipe. Sababu ya kwanza karibu zote zilifanana: kwamba hakimu alikosea kisheria na kimantiki kumtia mrufani hatiani.

Mzee hakuanza na sababu hizo. Alitaka mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya hakimu ya kila siku shauri lilipoitwa: nani alikuwepo, shahidi gani aliapa, alisema nini, aliulizwa nini, kielelezo gani kilipokelewa na nani alikipinga. Bila mwenendo hakusema lolote kuhusu mtu kushinda au kushindwa, hata ndugu walie vipi pale mbele ya meza yangu. Akishaupata alisoma kwanza hati ya mashtaka, kuona kama kifungu kilichotajwa kinalingana na kosa lililoelezwa. Akaangalia saini na tarehe. Akaangalia kama hakimu aliyeanza kusikiliza ndiye aliyemaliza, na kama si yeye, sababu ya kubadilishwa imeandikwa wapi. Ndipo akaingia kwenye ushahidi.

Hapo alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa wakili mwingine. Alichukua karatasi tupu, penseli na rula, akachora nyumba iliyovamiwa. Alichora kwa kufuata maneno ya mashahidi peke yake; hakuongeza hata dirisha. Kitanda kilikuwa wapi, mlango uko upande gani, taa ilitundikwa wapi, mwizi alisimama hatua ngapi kutoka kwa shahidi. Mahali ambapo hakuna shahidi aliyesema, aliacha wazi na kuweka alama ya kuuliza. Nimeona michoro iliyobaki ukuta mmoja na alama za kuuliza tupu, na kwa ukuta huo mmoja mtu alikuwa amepewa miaka 30.

Miaka 30 ndiyo adhabu ya chini kabisa ya unyang'anyi wa kutumia silaha katika Kanuni ya Adhabu. Hakimu akishamtia mtu hatiani, hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo, hata mshtakiwa awe kijana wa miaka ishirini asiye na rekodi yoyote. Kwa hiyo uzito wote unakuwa kwenye swali la kwanza: ni huyu, au si huyu?

Swali hilo mahakama zetu zimelishughulikia siku nyingi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na mahakama yake ya rufani, na mwaka 1980 tu ikaamua shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote na hauaminiki kirahisi, na kwamba mahakama isiutumie mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa mtu kufananishwa. Wakaorodhesha ya kuulizwa. Shahidi alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mchana au usiku? Mwanga ulikuwa mzuri au hafifu? Alikuwa akimfahamu tangu zamani, au ndiyo mara ya kwanza kumwona? Maswali hayo niliyachapa kwa herufi kubwa, Mzee akayabandika ukutani juu ya meza yangu, na kila aliyefanya kazi pale, hadi kijana wa kupeleka barua, aliyajua kwa moyo.

Nieleze kesi moja kwa kirefu, kwa sababu inafanana sana na iliyomuuma msomaji mwenzangu.

Kijana wa Tandale, fundi baiskeli, alihukumiwa kwa uvamizi uliofanyika usiku nyumbani kwa mfanyabiashara. Mume na mke walitoa ushahidi kwamba walimtambua kwa mwanga wa kurunzi. Wote wawili walikuwa na hakika, na kwa mwenendo ulivyoandikwa, mke alilia akiwa anaeleza. Siamini hata kidogo kwamba walisema uongo. Hakimu aliwaamini, na rufaa ya kwanza Mahakama Kuu ikatupwa. Jalada lilipotufikia Mzee akachora. Kurunzi zilikuwa mbili, na zote mbili, kwa maneno ya mume mwenyewe, zilikuwa mikononi mwa wavamizi. Mzee akavuta mistari ya mwanga kwa rula kutoka kwenye kurunzi kwenda kitandani, akaniita: "Mama, hebu njoo uangalie. Hapa anayemulikwa ni nani?"

Waliomulikwa walikuwa mume na mke. Aliyeshika kurunzi alikuwa gizani, nyuma ya mwanga wake. Yeyote aliyewahi kumulikwa usoni usiku na mlinzi au askari anajua kwamba huoni kitu, unafumba macho na kuinua mkono.

Kisha Mzee akarudi kwenye ushahidi wa askari aliyepokea taarifa usiku uleule. Askari alisema wenye nyumba walieleza kwamba wamevamiwa na watu wasiowafahamu. Jina la kijana lilikuja kutajwa siku ya tatu, baada ya mtaa kuanza kusema. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita lililoripotiwa mwaka 2002, kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa anapopata nafasi kunatia nguvu maneno yake, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa kunapaswa kuifanya mahakama makini iulize zaidi. Katika kesi hii hakuna aliyeuliza. Nilitafuta kwenye mwenendo mahali ambapo kijana alipewa nafasi ya kumhoji mume, nikakuta mstari mmoja: mshtakiwa hana swali. Shahidi aliyebeba kesi nzima aliteremka kizimbani bila mtu kumuuliza kurunzi ilielekezwa wapi.

Siku ya kusikilizwa, karandinga lilimleta kijana kutoka Ukonga akiwa na sare ya rangi ya chungwa, na ndugu yake mmoja tu alikuwepo. Majaji watatu wakaketi. Mzee alikuwa amejiandaa kusema kwa kirefu, lakini haikuhitajika. Wakili wa Serikali alisimama akasema kwamba Jamhuri inaunga mkono rufaa, kwa kuwa ushahidi wa utambuzi haukufikia kiwango kinachotakiwa.

Hapo ndipo namwomba msomaji mwenzangu atulie kidogo. Katika rufaa nyingi nilizozichapa, aliyesimama kusema kwamba hukumu haiwezi kubaki alikuwa mtu wa upande wa mashtaka. Huyo halipwi na mfungwa wala na ndugu za mfungwa. Analipwa na Serikali, amesoma mwenendo uleule tuliousoma sisi, na kama ofisa wa mahakama anawajibika kuwaambia majaji ukweli. Ujanja wa wakili wa utetezi unamwingiaje mtu huyo? Hukumu za Mahakama ya Rufani siku hizi zinawekwa wazi kwenye tovuti ya TanzLII, bila malipo, na kila mwenye simu anaweza kuzisoma. Azifungue za jinai atazame zile ambazo mjibu rufani mwenyewe, yaani Jamhuri, hakuipinga rufaa.

Na nimwambie jambo jingine kwa upendo kabisa, kwa sababu naye ameumizwa. Kama aliyefungwa siye, basi yule aliyempiga nondo hajalala Ukonga hata usiku mmoja. Siku kijana wa Tandale alipohukumiwa, Polisi walifunga jalada, na waliovamia nyumba ile hawakutafutwa tena.

Amelalamika pia kwamba watu wanaachiwa kwa mambo ya kiufundi. Katiba yetu, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 Bunge liliongeza maneno ya mwelekeo huo katika Sheria ya Mamlaka ya Rufani. Hakimu akikosea kuandika tarehe, hilo halimtoi mtu gerezani. Yanayomtoa ni mambo kama haya nitakayoyataja.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa aliyekamatwa ahojiwe ndani ya saa 4, isipokuwa muda uwe umeongezwa kwa utaratibu. Saa hizo ziliwekwa kwa sababu mtu aliyekaa kituoni siku tano, ndugu zake hawajui alipo, atasaini chochote anachopewa. Nimewahi kunakili maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huandikwa na polisi baada ya kuonywa, ya washtakiwa watatu wa kesi moja, ambao ilidaiwa kila mmoja aliandikiwa peke yake na askari tofauti. Sentensi zilikuwa zilezile. Makosa ya tahajia yalikuwa yaleyale, katika maneno yaleyale. Nilimpelekea Mzee karatasi zote tatu nikazipanga sambamba mezani kwake, na hakusema neno kwa muda mrefu. Ukiyaondoa maelezo yale katika kesi ile, hapakubaki ushahidi mwingine wowote. Je, hilo ni jambo la kiufundi?

Au vielelezo. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kuwe na kumbukumbu ya mfululizo ya nani alikamata kitu, nani alikitunza, alimkabidhi nani, hadi kikafika mbele ya hakimu. Mama mmoja wa Temeke alikamatwa na kifurushi kilichoelezwa kuwa kimefungwa kwa gazeti. Kilichofika maabara kilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Kati ya gazeti na bahasha hakuna shahidi aliyesema kilichotokea. Kama kilikuwa kitu kilekile, mimi sijui, na hakimu hakuwa na njia ya kujua, lakini mama alikuwa ameshakaa gereza la Segerea na watoto wamegawanywa kwa ndugu.

Sisemi kwamba Mzee alishinda kila rufaa. Alishindwa nyingi, na nyingine alizikataa tangu mwanzo. Ndugu wa mtu aliyehukumiwa kwa kubaka walikuja na hoja kwamba hapakuwa na shahidi mwingine aliyeona. Aliwaeleza kwamba tangu shauri la Selemani Makumba, lililoripotiwa mwaka 2006, inajulikana kuwa ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe, na binti yule maneno yake hayakuyumba popote. Akawarudishia jalada lao. Baba mwingine alitoka Mbagala akitaka mwanawe apunguziwe kifungo cha miaka 15 cha unyang'anyi wa silaha. Mzee akamweleza kwamba hakimu alikosea kwa kumpa pungufu, na majaji wakiliona kosa hilo wataipandisha adhabu hadi 30, kwa hiyo aamue: kama ushahidi una mwanya wa kumtoa kijana kabisa, waende, kama hauna, amwache amalize. Yule baba alikaa kwenye benchi letu hadi jioni akifikiria. Na wapo walioshinda rufaa wasiachiwe, bali wakarudishwa kusikilizwa upya, ingawa tangu shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 majaji wameonya kwamba kesi isirudishwe ili upande wa mashtaka upate kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu kweli, maana hilo halisemwi magazetini.

Wanaofika mbele ya majaji watatu ni wale waliobahatika kupata karatasi. Mtu aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda wa kungoja nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi. Sheria imekaa vizuri. Lakini nakala zenyewe zikichelewa, mfungwa hana la kuandika. Tulikuwa na mteja aliyetoa notisi kwa mdomo siku ileile ya hukumu, akiwa bado kizimbani. Mwenendo ulimfikia baada ya miaka kadhaa. Tena ulifika umerukwa kurasa, shahidi wa tatu anaanza katikati ya sentensi. Mahakama ile siitaji. Majibu ya masjala yalikuwa kwamba mpiga chapa ni mmoja, karatasi zimeisha, jalada bado liko na hakimu aliyehamishwa mkoa mwingine. Mimi ndiye niliyetumwa kulifuatilia, nikapandisha ngazi zile hadi walinzi wakawa wananiuliza hali ya wajukuu. Mpiga chapa mwenyewe alikuwa binti mwenye bidii, meza yake imefunikwa na majalada kiasi kwamba humwoni ukiwa mlangoni. Siwezi kumlaumu. Namlaumu anayepanga bajeti na kuona watu wa kuchapa mwenendo ni gharama ya ziada.

Na nakala ilipofika, miaka ile, ilikuwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na mtu aliyepewa miaka 30 akaletewa hukumu asiyoweza kuisoma. Nimekaa kwenye chumba cha wageni gerezani nikimsomea mtu sababu za yeye kufungwa, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzisikia. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mzee angefurahi sana. Naomba tu mabadiliko hayo yafike hadi kwenye kila karatasi anayokabidhiwa mfungwa.

Jambo la wakili nalo linaanzia kulekule chini. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili kwa gharama za Serikali. Anayeshtakiwa kwa unyang'anyi wa silaha mahakama za chini, mwenye miaka 30 inayomsubiri, mara nyingi anasimama peke yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuagiza apewe msaada akiona haki inataka hivyo na mshtakiwa hana uwezo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa kwetu Arusha, ilisema tarehe 20 Novemba 2015 katika shauri la Alex Thomas kwamba Tanzania ilivunja haki zake kwa kutompa msaada wa wakili kwenye shtaka zito kama hilo. Njia hiyo ya Arusha nayo imefungwa: Serikali iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja mwezi Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye likaacha kufanya kazi kwa mashauri mapya. Kwa hiyo kilichobaki ni mahakimu wetu wenyewe kuitumia sheria ya 2017, na kuitumia siku ya kwanza kesi inapotajwa. Angekuwepo wakili hata mwanafunzi siku mume yule anatoa ushahidi, swali la kurunzi lingeulizwa, na kijana angelala kwao Tandale.

Alipotoka hakupewa chochote. Alitoka na shati alilokamatwa nalo, lililokuwa limemkaa tofauti kwa sababu aliingia kijana na ametoka mtu mzima. Mzee alimpa nauli na kidogo cha kuanzia. Banda lake la baiskeli lilikuwa limeshakuwa duka la mtu. Mkewe alikuwa ameolewa, na simlaumu. Alikuja ofisini mara mbili tatu kuomba barua ya kuonyesha kwamba aliachiwa na mahakama, kwa sababu kila alikokwenda kuomba kibarua walimwita mtu wa jela. Nilimchapia, nikampigia mhuri wa ofisi, na hukumu yenyewe nikamtolea nakala. Aliitembeza hukumu ya Mahakama ya Rufani mfukoni hadi ikachanika mikunjo.

Watu wa namna hii wanadai wapi? Wanaweza kufungua kesi ya madai kwamba walishtakiwa kwa nia mbaya, lakini hapo lazima uthibitishe chuki, na katika kesi ya Tandale hapakuwa na chuki. Mume na mke walikosea kwa nia njema. Ibara ileile ya 107A inazungumzia fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Tanzania imejiunga pia na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu mwaka 1976, na ibara yake ya 14 inagusa fidia kwa mtu aliyeadhibiwa kisha ikadhihirika kwamba haki ilikosewa. Nawaomba waheshimiwa wabunge wa mkoa wetu walipeleke Dodoma: sheria ya kuwafidia waliofungwa kimakosa, angalau mtu asitoke gerezani akitegemea nauli ya wakili wake. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake mwaka 2023, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba nchi haijajichunguza.

Kwa wenye ndugu waliohukumiwa wiki hii, nawaachia yale ambayo Mzee alinituma kuwaambia watu pale benchini. Ndugu yenu atoe notisi leo, kupitia kwa Mkuu wa Gereza, asingoje wakili apatikane; siku 10 ni chache. Hukumu ikiwa ya Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ikiwa Mahakama Kuu ndiyo iliyokataa, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30. Nakala ya hukumu na mwenendo muiombe kwa barua, mpigiwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na muitunze. Masjala wakiwaambia jalada halionekani, waombeni jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na saini, kwa sababu siku mtakayoomba kuongezewa muda, karatasi hiyo ndiyo mtakayoulizwa kwanza.

Karani mstaafu wa wakili,
Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam